Kadi Niliyoifuta

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Meneja, Mama yetu mke wa mstaafu, mafundi wa mapipa, wenzangu wa chumba cha kujazia chupa, ndugu wageni waalikwa: kila mmoja kwa cheo chake, nawasalimu kwa heshima.

Nimeombwa nimsifu mwonjaji wetu mkuu, ambaye wengi mnamwita Mzee Pua, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na moja. Nitamsifu. Lakini siwezi kumsema yeye bila kujisema mwenyewe, kwa hiyo nivumilieni.

Wageni wetu, kazi yetu ni wiski ya bourbon ya pipa moja. Mapipa mawili hujazwa siku moja, wiski ileile ya mahindi, mbao zilezile za mwaloni, yakalala ghala moja miaka minane. Hili likatoka na harufu ya sukari iliyoungua na ganda la chungwa. Lile likatoka kavu, kali kama pilipili manga. Lipi linastahili kuingia kwenye chupa peke yake, na lipi likachanganywe na mengine? Hilo ndilo swali alilolijibu mzee wetu kila siku saa nne asubuhi. Glasi zina namba tu, zimefunikwa visahani, na kila mwonjaji huandika hukumu yake kwa penseli kabla mtu hajafungua mdomo. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," alikuwa akituambia, "na pua vilevile. Ukiazima yangu, tumebaki na moja."

Mwaka jana aliugua mafua, akapona. Siku moja Mama alitoka uani akakuta maziwa yameungua, moshi umejaa, na mzee amekaa hatua mbili kutoka jikoni anasoma gazeti.

"Baba watoto, husikii harufu?"

Kesho yake aliwahi kazini, akajaza glasi tatu kutoka pipa moja, akamwomba mfagizi azipange katikati ya glasi nyingine apendavyo. Akaonja zote, akaandika, kisha akazisoma namba. Pipa lilelile alikuwa ameliandikia "peke yake", tena "likachanganywe", tena "limekataliwa". Kadi zile tatu alizipeleka kwa Meneja kwa mkono wake. Nani angejua? Ni wangapi kati yetu tungekwenda? Mficha maradhi, kifo humuumbua, na yeye hakuficha.

Mimi nilificha. Ninakaa kiti cha pili, pembeni yake. Kwa miezi miwili kabla ya siku hiyo nilikuwa nachungulia kadi yake, naona haifanani na yangu, nami nafuta yangu, nikiita woga wangu heshima. Pipa namba kumi na saba lilinuka uvundo, kama tambara lililosahaulika ndooni. Yeye aliandika "peke yake". Nikafuta, nikaandika "peke yake". Na kwa kuwa kadi zetu zilikubaliana, hakuna aliyelirudia, hata baada ya Meneja kupewa zile kadi tatu.

Juzi nilimweleza. Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia.

"Mwanangu," alisema, "nilipojua pua yangu imekufa, nilijifariji kwamba yako ilikuwapo. Kumbe siku zile chumba kizima hakikuwa na pua."

Kisha akatoa kalamu hii mfukoni. "Ya wino. Penseli mpe seremala."

Mheshimiwa Mwenyekiti, umetutangazia hivi punde kwamba pipa namba kumi na saba litajazwa kwenye chupa Jumatatu, lenye saini ya mzee wetu, liwe kumbukumbu yake. Nakuomba radhi mbele ya wote. Leo asubuhi nimelionja upya, na kadi yangu mpya hii hapa, kwa wino: limekataliwa.

Baba, jina lako halitakaa juu ya uvundo wakati mimi nipo. Nimeona unatikisa kichwa kukubali. Nami sihitaji sifa nyingine.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Asanteni.