Fundi Kioo: Miaka Thelathini na Minne, Lifti Mbili na Mgongo Mmoja

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, fundi wetu wa lifti anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Katika muda huo jengo letu la ghorofa tisa limebadilisha wakurugenzi sita, rangi mara nne na paa mara moja. Lifti ni zile zile mbili, na fundi ni yule yule.

Alikuja akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwepesi wa kupanda ngazi, mzito wa kusema. Mwaka wa kumi na moja wa kazi, akiwa amesimama juu ya lifti akibadilisha waya, aliteleza kwenye grisi akaanguka kutoka ghorofa ya pili hadi shimoni. Alivunjika pingili mbili za mgongo na moja ya shingo. Mlinzi aliyemkuta anasema jambo la kwanza aliloagiza ni umeme wa lifti uzimwe, asije akaumia mtu.

Operesheni ilichukua saa saba. Aliwekewa vyuma viwili na skrubu nane. Daktari alipomwonyesha picha, fundi aliuliza skrubu hizo ni za saizi gani na zitakazwa tena baada ya muda gani. Aliambiwa hazikazwi tena. Jibu hilo halikumridhisha, kwani katika uzoefu wake hakuna skrubu ya namna hiyo.

Baada ya mwaka mmoja alirudi kazini kwa miguu yake. Tulipiga makofi, tukadhani yamekwisha. Kidonda kilikuwa kimepona, lakini maumivu yalibaki, na yapo hadi leo, miaka ishirini na mitatu baadaye: shingo inayokakamaa kila asubuhi, moto katikati ya mabega, ganzi inayoteremka mkono wa kushoto hadi kidole cha mwisho. Shingo haikukubali tena kuinuka, na kazi ya lifti karibu yote iko juu. Akafunga kioo cha pikipiki kwenye mpini wa ufagio, akawa anaona ya juu kwa kutazama chini. Hapo ndipo alipopata jina. Ngazi nazo zilimshinda, hivyo kwa miaka yote hii hakuna mtu jengoni aliyekuwa na haja ya lifti nzima kuliko yeye. Aliyemuuliza mgongo unaendeleaje alijibiwa kwamba upo.

Mkewe, mwalimu wa hesabu, ndiye anayemfunga kamba za viatu kila asubuhi. Ametuambia kwamba mumewe hajawahi kumnyanyua mjukuu wao hata mara moja. Mtoto akimtaka babu, humfuata sakafuni, wakalala chali sambamba. Huko ndiko mtoto alikojifunza kuhesabu, kwa mbao za dari.

Linalofuata mwandishi wa wasifu huu angependa kuliruka, ila mstaafu amesema liandikwe. Miaka tisa iliyopita mwandishi, ambaye ni karani wa utawala, alipanda hadi chumba cha mitambo ya lifti, juu kabisa ya jengo, saa nne asubuhi akamkuta fundi amelala chali kwenye saruji, amefumba macho. Akaandika ripoti kwamba fundi analala kazini. Hakuwa peke yake katika mawazo hayo. Korido zilikuwa zimeshanong'ona kwamba mtu aliyepasuliwa zamani hivyo, anayetembea na kucheka kama sisi, bila shaka anadeka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Fundi aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, wakati huo ana watoto wawili chuoni. Alipewa kiti. Baada ya dakika ishirini aliomba ruhusa asimame. Baada ya arobaini aliomba ruhusa aegemee ukuta. Mwenyekiti, aliyekuwa na barua ya kumwachisha kazi mezani, ikingoja saini tu, alimuuliza kama ile operesheni haikufanikiwa.

"Ilifanikiwa, mwenyekiti," fundi alisema. "Ilikuwa ya kunifanya nitembee, na natembea. Kuhusu maumivu hatukuahidiana."

Akaeleza, kwa sauti ile ile anayotumia kueleza kwa nini mlango wa lifti umekwama, kwamba kila baada ya saa tatu hulala chali robo saa, kwa ushauri wa daktari, ndipo aweze kuimaliza siku. Hakuwahi kumwambia mtu kwa sababu hakuna aliyewahi kuuliza mara mbili. Karani, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, aliacha kuandika. Kisha akainua mkono, akaomba ripoti yake iondolewe. Aliona aibu, na ilimstahili.

Barua haikusainiwa. Wiki iliyofuata lilinunuliwa godoro jembamba, likaingizwa katika orodha ya mali za ofisi kama kifaa cha matengenezo ya lifti. Mkaguzi alipohoji, alionyeshwa fundi, akaridhika.

Tangu hapo watu walianza kupanda kule juu mmoja mmoja: dereva anayeumwa kiuno, mama wa mapokezi aliyepasuliwa goti, na karani mwenyewe, kichwa kilipokuwa kikimsumbua. Fundi hakuwa na dawa ya kumpa mtu. Alikuuliza panauma wapi, ukajibu kwamba si sana, kisha akauliza tena.

Tulipomuuliza mstaafu tumtakie nini, alisema tusihangaike na habari za kupona kabisa; hayo yeye amekwisha kuyasikia, mgongo ndio haujayasikia. Angetosheka na saa tano za usingizi bila kuamshwa na shingo. Ofisi imelijadili ombi hilo na kulipitisha pamoja na marekebisho.

Asante, Fundi, kwa kila ghorofa uliyotupandisha. Tunakutakia saa sita.