Bao la Tano la Papa Hemedi

Mheshimiwa chefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu huu, papa imamu, papa pasta, wamama wa soko, na ninyi vijana mliofuata harufu ya mboga ya pondu: nawasalimu wote.

Tunamuaga Papa Hemedi, anayehamia Yangambi kwa binti yake Félicité. Nani hapa hajui kazi yake? Timu ya taifa ikicheza, umeme wa bwawa la Tshopo nao unakwenda kupumzika. Alors, Papa Hemedi anawasha radio yake ya betri. Radio yenyewe inanong'ona tu, donc yeye anabandika sikio, sisi tunapata mechi kutoka mdomoni mwake.

Mwaka 1974, nchi yetu ikiitwa Zaire, timu yetu ya Léopards, mabingwa wa Afrika, walikwenda Kombe la Dunia kule Ujerumani. Mimi nilikuwepo! Nilikuwa tumboni mwa mama yangu Malika, huyu hapa mwenye kitambaa cha kijani, nikipiga mateke kushinda mshambuliaji yeyote. Yugoslavia wakafunga, mama akashika tumbo. Wakafunga tena, akapiga yowe. La nne, bibi yangu akasimama: “Hemedi! Likiingia la tano, huyu mtoto anatoka leo, na miezi yake bado!”

Papa Hemedi akazima radio. “Bon, mvua kubwa imenyesha Ujerumani. Mpira umekwisha.”

Watu wakalala. Bato ya Kinshasa ilipopanda mto na kuleta habari kamili, mimi nilikuwa nimeshazaliwa, kilo sita, na meno mawili. Tangu hapo, kwa heshima ya kuzaliwa kwangu, katika kartie hii mechi ile ni nne kwa sifuri. Mtu wa kartie nyingine akibisha, tunamfukuza.

Sasa mzee anaondoka, radio inatafuta sikio jipya. Nani mwingine kama si mimi? Lakini jana mzee akaniambia: “Bilali, mdomo wako unatia chumvi. Radio utapata ukitangaza mechi ile mpaka mwisho, mbele ya mama yako, bila kuongeza, bila kupunguza.”

Ndugu zangu, kuongeza nimezoea. Kupunguza pia. Hili la katikati ndilo linalonitoa jasho.

Mama, kaa vizuri. Alexis, wewe uliyekaa kando yake, mshike mkono. Zaire, sifuri. Yugoslavia… tano. Sita. Saba. Nane. Tisa.

Mama? Unacheka? Ati ulijua tangu siku ile kwamba mvua ilikuwa ya uongo, ila ulitaka mtoto wako atulie tumboni?

Papa Hemedi, leta radio!

Asanteni kwa kuniazima masikio yenu. Mechi ijayo, mimi nitawaazima langu.