Bwana Usitupe na Kiti cha Miguu Mitatu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na sita katika kiwanda chetu cha samani, mtunza stoo wetu anastaafu. Wote tunamwita Bwana Usitupe, na jina hilo amelitolea jasho.

Alianza kazi akifagia vumbi la mbao. Tangu akabidhiwe stoo, hakuna kipande cha mbao, mkanda wa kufungia mizigo wala kopo tupu la rangi lililotoka hapa bila ruhusa yake. Haba na haba hujaza kibaba. Zake zilijaza stoo, korido na nusu ya ofisi ya mkaguzi. Mkewe anasema sebuleni kwao kuna viti kumi na saba na hakuna pa kukaa.

Chanzo cha viti hivyo ni skrubu. Siku moja aligundua kwamba karatasi tulizofungia skrubu zilikuwa michoro ya viti iliyochorwa zamani na wanawake watatu wa chumba cha uchoraji. Kiwanda kiliwaandika "wasaidizi" na sifa wakapewa wakubwa. Alikasirika kwelikweli, na kwa miezi miwili tukawa tunapokea skrubu viganjani, bila karatasi, kama vidonge vya hospitali. Kisha akaanza kuunda sanaa kwa takataka zetu, kila kiti kutoka mchoro mmoja. Wageni walivipiga picha. Sisi tulivitundikia makoti kabla hajavipeleka kwake, Mungu atusamehe.

Kiti kimoja kilimkosesha usingizi: cha miguu mitatu, ambacho wakubwa walikikataa wakidai kingeanguka. Alikiunda kwa mbao za makasha na mikanda ya plastiki, akaapa kwamba hatastaafu kabla mchoraji wake, aliyebaki hai peke yake kati ya wale watatu, hajakikalia. Barua tatu hazikujibiwa. Ya nne bibi alijibu kwamba kiwanda hicho alishakisahau, asisumbuliwe. Bwana Usitupe akaandika ya tano.

Wiki iliyopita bibi alikuja. Alikizunguka kiti mara mbili, akakikalia. Hakikuanguka. Mstaafu wetu alilia, na akisingizia vumbi la mbao msimwamini. Mashine zilikuwa zimezimwa. Bibi akainama, akaupima mguu wa nyuma kwa vidole, akasema umezidi kidole kimoja na kwamba fundi huyu hajui kusoma mchoro. Akaomba penseli.

Mzee wetu, asante kwa yote, tunakupenda. Tunakuombea afya njema na uvumilivu mwingi, kwani bibi ameagiza ufike kwake Jumatatu saa mbili asubuhi, na msumeno. Ana michoro mingine arobaini.