Dada Yetu, Daktari Msaidizi

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani, na ninyi wa kituo cha afya mliofunga mlango kwa saa mbili ili mfike hapa, familia imempa mdogo wa marehemu kazi ya kusoma historia hii, ndiye huyu mwenye kitambi na miwani ya kuazima, dereva wa malori aliyevuka mipaka ya nchi kumi na moja na hakuna hata moja iliyomfundisha kunyamaza, na sauti yake ikipanda leo mumvumilie, maana si kilio peke yake, ni hasira.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971, katika chumba cha nyuma cha duka la ushonaji la mama yetu, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, na baba yetu, karani wa mahakama aliyependa vyeo na mihuri kuliko chai, alimwandika siku ile ile katika daftari lake la familia, jina, uzito, na mbele yake kazi atakayofanya ukubwani, ambayo ilikuwa udaktari, kama alivyomwandika msomaji huyu miaka mitatu baadaye kwamba atakuwa jaji, na matokeo mnayaona wenyewe.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1979 hadi 1985, akaendelea na sekondari hadi 1991, akifaulu kila hatua na kumbeba mdogo wake mgongoni kwenye hesabu, na mwezi Juni 1992 zilifika barua mbili katika wiki moja, ya kwanza ya chuo kikuu ikimwita kusomea udaktari kwa miaka sita, ya pili ya chuo cha afya ikimwita kusomea kazi ya daktari msaidizi kwa miaka mitatu, yaani kupima, kutibu na kuandika dawa chini ya usimamizi wa daktari. Nyumbani hapakuwa na swali, baba alikwisha kupokea pongezi mtaa mzima, lakini dada aliomba siku moja tu ya kufikiri, akaenda hospitali kubwa, akakaa kwenye benchi la korido ya wodi ya wanawake tangu saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa ya mama ikiwa mkononi, akamwona daktari akipita saa tatu, dakika mbili kila kitanda, wanafunzi wakimkimbilia nyuma, halafu akamwona daktari msaidizi mmoja mwenye koti lililopasuka mfuko akirudi mara sita kwa bibi mmoja yule yule, hadi bibi akashikwa na usingizi. Aliporudi nyumbani aliijibu barua ya pili. Baba alisema hakusomesha mtoto aje kuwa msaidizi wa mtu, naye akamjibu maneno ambayo mama aliyarudia hadi siku zake za mwisho: "Baba, nimeona ni nani anayerudi kitandani."

Baba hakumsemesha mwaka mzima. Mjomba wetu, aliyeketi pale mbele, ndiye aliyemtungia jina la Nusu, nusu daktari, tukacheka, na aliyecheka kuliko wote ni huyu anayewasomea, ambaye kila alikolaza lori alituma kadi iliyoandikwa "Kwa Daktari Nusu", tarishi akaisoma kwa sauti mlango hadi mlango, jina likaenea, na dada akaitika kwa miaka thelathini bila kununa, jambo ambalo sisi tulilichukua kuwa ruhusa.

Alihitimu mwaka 1995 na Jumatatu tarehe 2 Oktoba mwaka huo aliripoti katika kituo cha afya kilicho mwisho wa lami, chumba namba tatu, dirisha lenye kioo kimoja, akabaki hapo miaka ishirini na saba na miezi saba. Daktari msimamizi alikuwa akija kila Jumatatu, na kabla ya kuondoka alisaini karatasi tupu za rufaa, zile za kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa, akaziacha kwenye droo, ili Jumanne hadi Jumapili dada azijaze yeye, na kila mtu alijua, kuanzia wauguzi hadi mlinzi. Dada hakuupenda mtindo huo, lakini mgonjwa wa Jumatano hawezi kungoja Jumatatu, kwa hiyo alizijaza, na chini kabisa, kwa mwandiko mdogo, aliongeza jina lake na maneno "daktari msaidizi", ili asidanganye. Mtu akimwita Daktari alimsahihisha papo hapo, hata mtu huyo akiwa na uchungu wa kujifungua.

Aliolewa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1997 na fundi wa redio, mtu mpole anayesikiliza mashine kuliko watu, wakajaliwa binti mwaka 1999 na mwana mwaka 2003. Mwaka 2006 alipata nafasi ya kurudi masomoni awe daktari kamili, tukaitisha kikao cha familia, yeye akauliza swali moja, kwamba miaka hiyo chumba namba tatu atakaa nani, na kwa kuwa hakuna aliyejua, akaikataa barua mara ya pili.

Jumanne tarehe 9 Mei 2023 asubuhi, akiwa kazini, alishikwa na maumivu ya tumbo, akajipapasa mwenyewe, akajua ni kidole tumbo kinachokaribia kupasuka. Kwenye droo kulikuwa na karatasi nne. Akajaza moja kwa jina lake, na muuguzi alipomsihi asiandike lile jina la chini, aliliandika, kama alivyowaandikia maelfu. Mdogo wake, aliyekuwa likizo, alimpeleka hospitali kubwa kwa gari, wakafika mapokezi saa tatu, na badala ya kunyamaza kama watu wenye akili, akataka kumchekesha karani, akamwambia, "Mpokee mwenzenu, huyu ndiye Daktari Nusu mwenyewe, kajiandikia." Karani hakucheka. Alitazama jina la juu, akatazama jina la chini, akasema mgonjwa hajiandikii rufaa, akampigia simu daktari mwenye saini, na daktari, aliyesaini karatasi tupu kila Jumatatu kwa miaka yote hiyo, akajibu: "Mimi sijamwona mgonjwa huyo."

Ni kweli, hakumwona. Dada alikaa kwenye benchi la korido hadi saa kumi jioni, mdogo wake akihama dirisha hadi dirisha, akiomba, akitukana, akiomba tena, na yeye akimwambia apunguze sauti, kuna wagonjwa. Alipoingizwa chumba cha upasuaji usaha ulikwisha kuenea, akapigana siku tatu, na Ijumaa tarehe 12 Mei, saa nane mchana, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari wa upasuaji na wauguzi waliompigania, majirani waliolala nasi sebuleni, na wafanyakazi wenzake wa kituo. Inamwomba mjomba aache kulalamika kuhusu kibao cha kaburi, maana aliagiza kiandikwe "Daktari", na huyu aliyemcheka miaka thelathini amekwenda asubuhi kwa mchoraji, ameongeza "Msaidizi", rangi bado mbichi, asiiguse mtu. Kuhusu karani wa mapokezi, msomaji huyu hana la kumwambia ambalo hajajiambia yeye mwenyewe kwanza.

Na wewe daktari uliyesimama nyuma kule karibu na geti, karatasi zako tatu zilizobaki kwenye droo ziko ndani ya bahasha hii, zina saini yako na hazina mgonjwa, uje uzichukue mbele ya watu kabla hatujafukia, leo ni Jumatatu, siku yako ya kuja.

Dada, pumzika kwa amani, hakuna tena kitanda cha kurudia, na huko uliko mtu akikuita Nusu usiitike, jina hilo nimekuja kulichukua mimi.