Kifungu Alichokifuta Metro Pylypiuk

Baba Paroko, ndugu na majirani wa Zoria na Dauphin, familia imemtuma Orest, mdogo wake marehemu, awasomee maisha ya Metro Pylypiuk, naye anaomba mumvumilie, maana yapo atakayoyasoma ambayo hayamo kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1931 katika shamba la ngano la wazazi wake, Ivan na Paraska, hapa Zoria, Manitoba, akasoma shule ya chumba kimoja iliyokuwa ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya Dauphin hadi mwaka 1949, akapata mafunzo ya ualimu Winnipeg na kufundisha hesabu kwa miaka kumi na sita, na wengi mliomo humu mlipigiwa naye meza kwa rula. Tarehe 12 Septemba 1953 alifunga ndoa na Stefania, katika kanisa hili hili, wakajaliwa watoto wawili, Daria na Taras.

Mwaka 1966 alichaguliwa kuingia Bunge la jimbo, na mwaka 1971 alikabidhiwa kamati iliyochunguza muswada wa uuzaji wa magari, ambao kifungu chake cha kumi na moja kilimtaka muuzaji amweleze mnunuzi kwa maandishi kama gari limewahi kupata ajali. Wakati huo Orest alikuwa na yadi ya magari yaliyotumika mjini Dauphin, na aliposikia habari hiyo aliendesha hadi Winnipeg, akaketi mezani kwa kaka yake, akala pyrohy, vile vitumbua vya unga vya kuchemsha vyenye viazi ndani, alivyopika shemeji yake, mpaka akashiba, ndipo akasema, "Kaka, hicho kifungu kitanimaliza. Nani atanunua gari nikimwambia liliwahi kupinduka?"

"Si ndiyo maana yake, Orest? Ajue."

"Mama alituachia neno moja tu, tushikane. Au umeshakuwa mheshimiwa, hutujui tena?"

Wiki iliyofuata kifungu cha kumi na moja kilifutwa kwa kalamu ya Metro mwenyewe, na sababu aliyoitoa ni kwamba kingewaumiza wafanyabiashara wadogo.

Tarehe 8 Januari 1973, katika barabara ya Ste. Rose, gari la Felix Chartrand lilikatika katikati likiwa kwenye mwendo, Felix akafariki papo hapo, na mkewe Agnes akavunjika nyonga. Machi mwaka huo Bi. Agnes alikwenda na magongo yake ofisini kwa mbunge, akamwekea mezani hati ya mauzo ya gari lile yenye jina la yadi ya Pylypiuk, na siku hiyo hiyo Metro alifika kwenye yadi, hata kofia hakuvua.

"Ulijua?"

"Nilijua limechomelewa, kaka. Sikujua litakatika."

"Yule mama ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ni zima. Sheria haikunilazimisha kusema zaidi."

Metro alikaa juu ya tairi, akafunika uso, kwa sababu hakuna aliyejua kuliko yeye kwa nini sheria haikulazimisha.

Mwezi uliofuata alisimama mbele ya mkutano mjini Dauphin, akasema kifungu kile alikifuta yeye, akakataa kusema kwa ajili ya nani, akazomewa na kuitwa Metro Mabati, akajiuzulu. Alikodi chumba juu ya duka la mikate, akaweka simu, na kwa miaka thelathini na moja akawatetea wanunuzi wa majiko mabovu, mashine za kukamulia na nyumba zinazovuja, akazungumza redioni kila Jumamosi, na mwaka 1983 kifungu kile kikarudishwa. Aliyepokea simu zake kwa miaka ishirini ni Bi. Agnes mwenyewe, ambaye alimsamehe akiamini Orest hakujua ubovu wa gari lile na kosa lilikuwa la Metro peke yake. Orest aliendelea kuuza magari, na kila Krismasi alikula meza moja na wote wawili, akiomba apitishiwe chumvi.

Marehemu alianza kuugua figo mwaka 2002, akafariki tarehe 19 Novemba 2004 katika hospitali ya Dauphin, na siku chache kabla ya hapo Orest alimuuliza kwa nini hakuwahi kumtaja.

"Kalamu ilikuwa mkononi mwangu," alisema. "Hilo nililisema. Lililobaki si langu kulisema."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliofagia theluji mlangoni kwake bila kuombwa, na wote waliofanya naye kazi katika chumba kile cha juu.

Na wewe, Bi. Agnes, uliyeketi pamoja na wafiwa. Orest anayesoma hapa ndiye mimi. Gari lile nilijua limechomelewa, nikakuangalia usoni nikakwambia ni zima, na kifungu kile kilifutwa kwa sababu mimi nilikwenda kuomba. Kaka yangu alizomewa peke yake, mimi nikiwa nyuma ya umati, nimenyamaza. Sikuombi lolote leo. Ukitaka nisiandamane nanyi makaburini, nitabaki.

Kaka Metro, pumzika kwa amani.