Dada Yangu Alistidia na Safari Kumi na Tatu za Mwanza

Baba Padre, wanaukoo, na majirani wa Kitendaguro mliotusindikiza hadi hapa Muleba, mimi ni Mushumbusi, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma historia hii kwa niaba ya familia, ila mnivumilie, kwa sababu ile iliyoandikwa na kikao nimeiacha nyumbani, hii nimeiandika mwenyewe.

Dada yetu Alistidia Kokubanza Rugemalira alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 katika kibanja hiki hiki, shamba la nyumbani tulimosimama, akiwa wa kwanza kati ya watoto sita wa Mzee Rugemalira na Mama Celina, ambao wote wawili wametutangulia. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, akaendelea na sekondari, akapata cheti cha kilimo mwaka 1982, na tarehe 2 Februari 1983 akaajiriwa katika kituo cha utafiti cha Maruku, kwenye mashamba ya migomba, alikofanya kazi miaka thelathini na minane hadi alipostaafu Agosti 2021.

Alifunga ndoa na Ta Kahangwa tarehe 20 Desemba 1986, wakajenga Kitendaguro, wakajaliwa watoto wawili, Evelyne aliyeko Dodoma na Rwekaza aliyeko Mtwara, na wajukuu watatu. Ta Kahangwa alifariki tarehe 3 Mei 2011, na watoto walipokwenda makazini nyumba ile ikabaki na mtu mmoja.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, ambapo kwa kawaida tunasema marehemu aliugua kwa muda mrefu, tukapita haraka. Leo sipiti. Mwaka 2019 dada alianza kuona damu chooni, akadhani ni bawasiri, akanywa dawa za mizizi mwaka mzima, mpaka tarehe 11 Juni 2020 alipopimwa kwa kamera katika hospitali ya rufaa jijini Mwanza, akaambiwa ana saratani ya puru, yaani pale utumbo unapoishia, karibu kabisa na njia ya haja kubwa.

Alipigwa mionzi siku ishirini na nane huku akimeza vidonge, kisha akawekewa dripu za dawa ya saratani hadi Februari 2021. Mwezi Machi madaktari walipoangalia tena, uvimbe haukuonekana, wakamweleza njia mbili, ama wampasue waondoe puru yote, na haja iwe inatokea tumboni kwenye mfuko maisha yake yote, au wasimkate, bali aje kukaguliwa kila miezi mitatu kwa miaka miwili, kisha kila miezi sita, akijua kwamba ugonjwa unaweza kurudi wakati wowote. Dada alielewa upesi, maana Maruku, walipopambana na ugonjwa wa mnyauko, alishaona watu wakiacha kung'oa shina zima la migomba, wakakata ule mmoja wenye dalili, halafu wakarudi kukagua shamba kila wiki. Akachagua kukaguliwa, akaenda Mwanza mara kumi na tatu, kwa basi, peke yake, na mara zote alikutwa salama, ya mwisho ikiwa tarehe 16 Septemba mwaka huu.

Hayo yote, ndugu zangu, nimeyajua juzi Jumatatu, Evelyne aliponisomea faili la mama yake, akishangaa kwamba tulikuwa hatujui. Aprili 2021 nilisikia juujuu tu dada alikuwa anaumwa nini, nikajipa udaktari, nikaita kikao cha ukoo bila yeye, nikawaambia Kokubanza sasa anavaa mfuko, tumsitiri. Tukamsitiri kweli! Kwenye arusi tukamtengea kiti karibu na mlango, ebitoke vyake, ndizi zetu za kupika, tukampelekea chumbani kwenye sahani yake, huku sisi tukila pamoja, kwenye misiba tukamwambia Ma Alistidia usisumbuke, na msimu wa senene hatukumwita tena kuchambua na wenzake. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na hakuna aliyeuliza, kwa sababu mwanamume hamuulizi dada yake mambo ya chooni, tukaiita heshima. Naye akadhani tumeikimbia saratani, akanyamaza miaka minne na nusu. Na hata angekuwa na mfuko, jamani, kiti chake kilistahili kuwa pale pale katikati yetu. Kosa hili ni langu, nalisema mbele ya jeneza lake.

Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, jirani yake Ma Georgina aliona imefika saa tatu asubuhi mlango haujafunguliwa, naye dada hakuwa mtu wa kukosa misa ya kwanza, akaingia akamkuta ameshatutoka. Daktari alisema ni kiharusi, saratani haikuwemo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mwanza waliomtunza bila kumharibu, wafanyakazi wenzake wa Maruku, majirani wote, na kwa namna ya pekee Ma Georgina, ambaye peke yake kati yetu alikuwa akila naye sahani moja.

Umebaki mstari mmoja. Katika faili, Machi 2021, daktari ameandika kwa nini mgonjwa hakutaka kupasuliwa, na Evelyne amenitafsiria: mgonjwa anasema anataka aendelee kukaa na ndugu zake.

Pumzika, dada, na amani tuliyokunyima sisi, Mungu akupe.