Daktari wa Magoti: Maisha ya Elphas Imalingat wa Buteba, 1932–1969

Baba Kasisi, wazee, akina mama, na ninyi nyote mliovuka mpaka tangu alfajiri kuja kutuzikia, familia imeamua karatasi hii isomwe kwa Kiswahili, ili Mteso, Msamia, Mjopadhola na Mjaluo waisikie bila mkalimani, na anayeisoma ni Patroba, kaka mkubwa wa marehemu, mwalimu wa kanisa hapa Buteba, ambaye shule yake iliishia darasa la sita, kwa hiyo mtamvumilia pale atakapojikwaa.

Daktari Elphas Imalingat alizaliwa Jumapili tarehe 6 Machi 1932, hapa hapa Buteba, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Matayo Edimu, ambaye mnamwona ameketi pale, na Mama Elinah Atim, aliyetutangulia mwaka 1951. Alibatizwa mwaka huo huo, akaanza shule ya msingi Buteba mwaka 1940, akaendelea Tororo kuanzia 1947 hadi 1953, na wale waliosoma naye watakubali kwamba alikuwa mtu wa kuuliza mpaka mwalimu anachoka, akiambiwa nyoka ana mifupa anataka kujua ni mingapi. Mwaka 1955 aliingia Makerere kusomea udaktari, akamaliza 1961, na mwaka uliofuata akapangiwa kazi katika hospitali ya Tororo.

Tarehe 18 Agosti 1962, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa takatifu na Norah Anyango, binti wa upande wa Busia ya Kenya, na Mungu akawajalia watoto watatu, Jared, Felistus na Edimu, ambaye ana mwaka mmoja na hajui bado kilichotokea.

Sasa tunafika mahali ambapo watu wengi wamekuwa wakiuliza, wengine hata jana hapa matangani tumewasikia, kwamba mtu mwenye kichwa kama kile, aliyekwisha kupata barua ya kwenda Uingereza kusomea upasuaji, alirogwa na nani akaiacha, akaenda kusomea magoti ya watoto. Mzee Matayo mwenyewe aliuliza hivyo kwa miaka, kwa sababu yeye alipasuliwa ngiri Tororo mwaka 1948 akapona, na tangu siku hiyo alikuwa akisema, "Udaktari ni kisu, hayo mengine ni kupakana mafuta." Jibu lake lipo, na familia imeona lisizikwe pamoja naye.

Disemba ya mwaka 1962 Elphas alikuja na mkewe kula Krismasi kwa kaka yake Patroba. Katika nyumba hiyo kulikuwa na binti wa miaka saba, Peninah Amulen, ambaye kwa karibu miaka miwili alikuwa haamki, wenzake wakienda kisimani yeye anabaki kwenye mkeka, akisimamishwa analia na kukaa tena, lakini ikifika saa tano unamkuta uwanjani anaruka kamba. Baba yake akaona huo ni uvivu wenye akili. Alimchapa kwa fimbo, akamnyima uji wa asubuhi, na Jumapili mbili alimtaja kwa jina madhabahuni, mbele ya watoto wenzake, kuwa mfano wa uvivu unaomchukiza Mungu. Baba huyo ndiye huyu anayewasomea.

Elphas alimkuta ameshika fimbo. Hakugombana naye, alimwambia tu, "Kaka, niachie huyu mtoto asubuhi nne, halafu utamchapa ukitaka." Basi akawa anaamka kabla ya majogoo, anaketi karibu na mkeka na saa yake mkononi, anamwambia Peninah afumbe ngumi, afunge kifungo cha gauni, anyooshe goti, na kila kitu anakiandika katika daftari pamoja na saa yake. Shemeji zake walimcheka jikoni, wakasema daktari mzima amesoma miaka sita ili aje kuangalia mtoto akilala. Siku ya tano alimwita Patroba kungali na umande, akamshika mkono akauweka juu ya goti la mtoto, na goti lile lilikuwa limevimba na lina moto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi, na mtoto hakuweza kulinyoosha mpaka saa nne na dakika ishirini. Elphas akasema, "Huyu si mvivu. Huyu anaamka bibi kizee, anakuwa mtoto saa tano."

Patroba alibisha, na maneno yake ni haya, "Baridi yabisi ni ya wazee, mtoto wa miaka saba ataipata wapi?" Naye akajibiwa kwamba hivyo ndivyo na madaktari wengi wanavyosema, ndiyo maana watoto hawa wanachapwa hapa, wanachanjwa wembe magotini kule Masafu, wanafichwa ndani kule Buhehe, na wakifika hospitali wanafika mchana wakiwa wamekwisha kulegea viungo, wanaambiwa hawana kitu.

Januari 1963 aliandika kuomba abadilishiwe masomo. Aliambiwa afikirie vizuri, maana wapasuaji walikuwa wachache na kazi ile nyingine haikuwa hata na jina katika nchi yetu, naye akajibu kwamba ameshafikiri, asubuhi nne. Huko Uingereza alisoma magonjwa ya viungo vya watoto kuanzia Septemba 1963 hadi Agosti 1965, Norah akabaki Tororo na mtoto mchanga, na Mzee Matayo hakumwandikia hata barua moja. Aliporudi, sokoni walimpa jina la Daktari wa Magoti. Alilipokea vizuri sana, akimwona mtu anacheka anamwambia, "Ndiyo mimi, na vifundo pia natibu, leta."

Alifanya kazi Tororo siku zote za juma isipokuwa Alhamisi, siku ambayo alikuwa anakuja Busia mpakani, kwenye chumba kimoja nyuma ya zahanati, anafungua mlango saa kumi na mbili na nusu asubuhi, pamoja na muuguzi wake Sista Goretti. Walikuja akina mama wa pande zote mbili, na mnajua sisi hatupeleki mtoto kwa daktari akiwa mchafu, ni aibu, kwa hiyo walikuwa wakiwaogesha maji ya moto na kuwakanda mafuta mpaka wanang'aa, na mtoto aliyekakamaa usiku kucha akifika mlangoni anatembea vizuri. Hapo Elphas alikuwa mkali, na hatutaficha, ulimi wake ulikuwa wa pilipili. Alimwambia mama mmoja, "Umeniletea mafuta, ugonjwa umeuacha nyumbani kwenye karai, rudi Alhamisi ijayo." Mama yule alilia, kisha akarudi, na mtoto wake yuko hapa leo. Kama kuna mwingine aliyeumizwa na maneno hayo asirudi tena, familia inamwomba radhi.

Dawa zake hazikuwa za ajabu, zilikuwa aspirini kwa kipimo cha uzito wa mtoto, banzi za mbao za kufunga mguu usijikunje usiku, na kunyoosha viungo kila siku hata mtoto akilalamika. Kitabu chake cha kliniki kina watoto mia mbili na kumi na wanne. Si wote walipona, wengine walichelewa, na Peninah mwenyewe, ambaye ana miaka kumi na minne na bado anasoma, kiwiko chake cha kushoto hakinyooki, kwa ajili ya miaka ile miwili ya fimbo. Lakini anatembea, na leo asubuhi ameleta maji ya kupikia waombolezaji.

Aprili mwaka huu Elphas alianza kuvimba miguu na uso, akapimwa Tororo, kisha Kampala, ikaonekana ni figo. Aliendelea na Alhamisi zake mpaka Septemba akiwa ameketi kwenye kiti. Mzee Matayo alikwenda kumwona Kampala mwezi wa kumi, akakaa kitandani pake, na akina mama wa wodi ile walipomuuliza ni baba wa nani, alijibu, "Wa Daktari wa Magoti," na Elphas akasikia. Alifariki Jumanne tarehe 4 Novemba 1969, saa tisa alasiri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Kuna jambo moja alilomwomba kaka yake mwaka 1962, kwamba yale aliyoyasema juu ya Peninah ayafute mahali pale pale alipoyasemea. Patroba aliahirisha, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa mazoea, akihubiri toba kwa wengine miaka saba. Leo, mbele ya kanisa hili na jeneza hili, anasema kwamba Peninah Amulen hakuwa mvivu, alikuwa mgonjwa, na baba yake ndiye aliyekosa. Peninah, mwanangu, unisamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Tororo na Kampala waliomhudumia usiku na mchana, wafanyakazi wenzake, Baba Kasisi, majirani waliotoa kuni na mahema, na askari wa mpakani waliowaruhusu waombolezaji kupita bila maswali. Shukrani za pekee ni kwa Norah, aliyetuvumilia sote.

La mwisho si letu, ni agizo lake kwa Sista Goretti. Alhamisi ijayo, tarehe 13, chumba cha Busia kitafunguliwa saa kumi na mbili na nusu kama kawaida, na daktari kijana aliyemfundisha atakuwepo. Msikae nyumbani kwa sababu ya matanga. Waleteni watoto, msiwaogeshe, msiwapake mafuta, waleteni jinsi walivyoamka.

Daktari wetu, ndugu yetu, lala kwa amani mikononi mwa Bwana.